Mwaka wa Mimba Iliyolala

Nimekaa eda mara mbili maishani mwangu. Hii ya pili ndiyo nimo ndani yake sasa, ya Mzee Athumani, baba wa watoto wangu, aliyefariki baada ya Ramadhani akiwa ameshiba miaka na kushiba wajukuu. Ni eda nyepesi, kama eda yaweza kuitwa nyepesi. Miezi minne na siku kumi, na kila mtu nyumbani anajua itakwisha lini. Watu huja kunipa pole, ninakunywa chai yangu ya tangawizi, ninalala mchana bila kuulizwa. Juzi mjukuu wangu Zuena aliingia na simu mkononi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanionyesha picha aliyopigwa hospitalini, weusi mtupu na katikati yake kitu cheupe kilichojikunja. "Bibi, unamwona? Kichwa ndicho hiki." Nikamwambia ninamwona, mashallah, ingawa macho yangu hayakuona ila ukungu. Alipotoka nilikuta mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye kovu langu, lile refu linaloanzia chini ya mbavu za kulia. Watoto wangu wote wamekua chini ya kovu hilo. Zuena hajui kwamba mimi nami nilipata kupigwa picha ya tumbo nikiwa na umri wake, wala hajui habari za eda yangu ya kwanza, iliyochukua zaidi ya mwaka. Nimeona afadhali niieleze wakati hii bado inanipa nafasi ya kukaa.

Mume wangu wa kwanza aliitwa Bakari, mkwezi wa minazi wa Bongwe. Mimi nilitoka Taru, kwenye vumbi na mbuzi, na jina langu lilikuwa Umazi kabla sijasilimu nikaitwa Salama. Watu wa Bongwe walimtania kwamba alikwenda nyika kununua beberu akarudi na beberu na mke, na kwamba kati ya hao wawili beberu ndiye aliyekuwa mnene. Hatukukaa sana. Mapema katika mwaka wa Uhuru, embe zikiwa zinakwisha, aliteleza juu ya mnazi wenye umande. Mimi nilikuwa uani nimekalia mbuzi ya kukunia nazi. Nilisikia kishindo, nikadhani ni kole la nazi limeanguka, nikaendelea kukuna. Hata leo sipendi kusikia kitu kikianguka kutoka juu.

Wakati huo tumbo langu lilikuwa limeanza kuinuka. Chakula kilinijaza upesi, asubuhi nilichefukwa, na mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, alikuwa amekwisha kunikataza kuinua ndoo. Bakari alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Basi mazikoni wanawake walimpa pole na kumpongeza kwa pumzi moja. Walimwambia, Bakari hakuondoka mtupu, ameacha chake. Na kwa sheria yetu mjane mwenye mimba hahesabiwi miezi. Eda yake ni mpaka ajifungue. Nikaingizwa chumba cha ndani kumngojea mtoto wa marehemu, nami niliingia kwa hiari yangu, maana nilimtaka mtoto huyo kuliko alivyomtaka mtu yeyote.

Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, sanduku la nguo za Bakari ambalo hakuna aliyethubutu kulifungua, na dirisha dogo lenye ubao. Kuta za udongo hazikufika kwenye makuti. Juu paliachwa wazi ili upepo upite, na pamoja na upepo yakapita maneno yote ya nyumba ile. Nilijua nani ameazima chumvi na nani hajarudisha ungo. Nilivaa nguo nyeupe ngumu, bila wanja, bila udi, nywele zimefungwa. Wifi yangu Mwanamisi, mdogo wake Bakari, alilala nami humo, na ndiye aliyeniletea chakula: muhogo wa nazi, mbaazi, samaki wa kukaanga, na Ijumaa wali. Kila asubuhi, kabla hata hajaniuliza nimeamkaje, Bi Mwanakombo aliingia akaweka kiganja upande wa kulia wa tumbo langu. "Assalamu alaikum, mwana wa Bakari," alisema, ndipo akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, umelala?" Tumbo lilikuwa limekaa juu, karibu na mbavu, na wanawake wa mtaa walikubaliana kwamba anayekaa juu namna ile ni mwanamume. Pilipili manga ya uji wa mzazi ilikuwa imekwisha kununuliwa na kutundikwa jikoni.

Miezi ya mtoto kuzaliwa ilifika, ikapita. Tumbo halikushuka, wala halikukua kama linavyokua tumbo la mja mzito, lilizidi kuwa gumu tu. Siku moja nikasikia sauti za jikoni zikishushwa, na katika nyumba yenye kuta kama zile, mtu akishusha sauti ndipo unapotega sikio. Alikuwa Bi Saumu, mkunga aliyewapokea nusu ya watoto wa Bongwe.

"Miezi imepita, Mwanakombo, tusidanganyane."

"Imepita, ndiyo. Sasa?"

"Sasa imelala. Mimba ikipata mshituko hulala. Huyu alishituka pale pale uani."

"Italala mpaka lini?"

"Mpaka itakapoamka. Mimi nitajuaje?"

Nilijishika tumbo nikafikiri: maskini mtoto, amelala kwa huzuni. Lilikuwako jambo lililonitia wasiwasi, nalo ni kwamba damu yangu ya mwezi ilikuwa ikija ikipenda, na nilipomnong'oneza Mwanamisi alimweleza mamake, na mama akamwuliza Maalim wa msikiti wetu. Maalim alikuja, akaketi barazani, akajibu kwa sauti ya kutosha nami niisikie, kwa kuwa alijua nipo. Alisema kwamba mwenye mimba huenda akaona damu, na kwamba wanavyuoni wetu wamesema mimba yaweza kukaa tumboni hata miaka minne. Kwa hiyo eda iendelee. Wajukuu wangu leo wangecheka, lakini mimi sikucheka wakati ule na sicheki sasa. Nimeishi vya kutosha kuona huruma iliyomo katika hukumu hiyo. Imewasitiri wajane wengi ambao watoto wao walichelewa, na watoto wengi ambao wangeitwa majina mabaya. Maalim alikuwa mtu mwema aliyetumia alichokijua. Lakini mimi nilikuwa msichana, na niliposikia miaka minne nilitazama dirisha langu dogo nikaona ubao wake umeliwa na mchwa upande wa chini, nami nikajiuliza ni nani kati yetu atakayemaliza kwanza.

Uhuru uliingia nikiwa humo. Ngoma zililia tangu jana yake, na Mwanamisi alikwenda Msambweni na wenzake kuona bendera ikipandishwa. Alirudi sauti imemkauka, akanionyesha jinsi watu walivyorukaruka, huku akishika midomo ili asipige kelele mbele ya mfiwa. Nje ya ukuta, jirani mmoja aliyekuwa akipepeta mchele akasema, "Nchi nzima imezaa, mwenzetu huyu bado." Wakacheka, na ukweli ni kwamba mimi nami nilicheka, peke yangu, mkono mdomoni, mpaka ubavu ukaniuma. Ubavu huo ulikuwa umeanza kuniuma mara kwa mara. Ila kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilipojilaza chali na kugonga kidogo kwa ncha za vidole pale palipovimba, kitu cha ndani kilinijibu. Hakikupiga teke, kilitetemeka. Mtetemo mwepesi ulinirudia vidoleni, ukatulia. Nikigonga tena, ulirudi tena. Nilimweleza habari za babake kwa njia hiyo. Nilimwambia alivyopenda kuimba akiwa juu ya mnazi, alivyoogopa chatu na hali hakuogopa urefu. Nikimaliza nilikuwa nagonga, naye alijibu. Hakuna mtu aliyenisikiliza kwa utulivu namna ile, kabla yake wala baada yake.

Masika ilipoanza, Bi Saumu alisema sasa imelala vya kutosha na ataiamsha. Alikuja na mafuta ya nazi yaliyochemshwa na majani, akanilaza kwenye mkeka, akaanza kunikanda. Mikono yake ilikuwa mizuri, mikono iliyojua kazi, na mwanzoni nilisikia raha. Kisha akaweka uzito. Ghafla kitu kikaniruka ndani, si maumivu hasa, kama ubaridi, na baada ya muda mfupi mwili mzima ukaanza kuniwasha. Nilitazama mikono yangu ikijaa mabaka mekundu mbele ya macho yangu. Midomo ikavimba. Pumzi ikaniwia nyembamba, nikasikia kifua kinapiga mluzi. Bi Saumu aliondoa mikono akasema, "Lahaula, hii si mimba, huyu ana mtu kichwani," maana yake pepo, akaomba uletwe ubani.

"Ubani wa nini!" Mwanamisi alipiga kelele. "Hamwoni anakufa? Apelekwe hospitali!"

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili imeshika miimo. "Yumo edani. Hatoki."

"Mama!"

"Wakimpasua huko watamtoa mwana wa Bakari. Amelala tu. Watamtoa akiwa amelala."

Nilikuwa nimelala pale chini nikitafuta hewa, na hata hivyo nilimwelewa. Hakuwa anazuia mlango dhidi yangu. Alikuwa analinda kilichobaki. Mwanamisi alitoka mbio kwa Maalim, na Maalim hakuuliza maswali mengi. Alikuja mwenyewe na kanzu imelowa mvua, akasimama uani akasema kwa sauti, "Dharura, Bi Mwanakombo. Dharura inamfungulia njia. Mtoeni." Mama akaziachia mbao, akasogea pembeni. Tulipandishwa kwenye lori la mbata lililokuwa likielekea Msambweni, mimi nimelazwa juu ya magunia na kichwa changu mapajani mwa wifi yangu. Kwa mara ya kwanza tangu Bakari afe niliona mbingu yote kwa mpigo. Ilikuwa ya kijivu na ilikuwa inaninyeshea usoni, na sikuwahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Hospitalini walinichoma sindano, mabaka yakafifia, pumzi ikafunguka. Kesho yake muuguzi mmoja, mama wa makamo mwenye kofia nyeupe, aliweka kipembe cha mti juu ya tumbo langu, akaegemeza sikio. Alikihamisha hapa, akakihamisha pale. Alikaa muda mrefu akiwa ameinama. Kisha akainuka akanitazama kwa upole. "Mwanangu," akasema, "mimi simsikii mtu humu." Nikamwambia yupo, amelala, ukimgonga anajibu. Nikamwonyesha namna ya kugonga. Alipoweka kiganja akausikia mtetemo, uso wake ukabadilika, akaenda kumwita daktari, na daktari naye akagonga. Wakaniandikia kwenda hospitali kubwa ya Mombasa.

Pale Mombasa daktari wa upasuaji alikuwa Mhindi mzee, mzaliwa wa mji ule, ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu mimi mtu wa Taru. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kaskazini, kwa wafugaji. Nilipigwa picha, na yeye aliishika picha ile kwenye mwanga wa dirisha akaniita niisogelee. Nilitafuta kichwa. Nilitafuta miguu. Hapakuwa na mifupa yoyote ila mbavu zangu mwenyewe, na chini yake duara kubwa, limezungukwa na mstari mweupe mwembamba kama ganda la yai.

"Shikamoo, baba," nilisema, kwa kuwa sikujua niseme nini jingine.

"Marahaba, binti. Hebu niambie. Umekulia wapi?"

"Taru."

"Mlifuga?"

"Mbuzi na kondoo."

"Na mbwa?"

Mwanamisi alikuwa kando yangu. Tangu niolewe sikuwa nimetamka neno mbwa katika nyumba ile ya watu wa swala, ambamo mbwa akipitisha ulimi kwenye chombo, chombo huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nilitazama miguu yangu. "Alikuwapo," nikasema. "Akiitwa Chui."

"Alilala wapi?"

"Mlangoni. Mimi nilipokuwa mdogo nililala ubavuni mwake. Kulikuwa na baridi."

Aliketi akanieleza, polepole, bila kunidharau. Alisema kuna tegu mdogo sana, asiyezidi punje ya mchele, anayeishi ndani ya matumbo ya mbwa na wala hamdhuru. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika manyoya, hushika majani na maji. Mbuzi hula majani yale. Ndani ya mbuzi yai huanguliwa, na mtoto wa tegu husafiri kwa damu mpaka kwenye ini, akajenga mfuko wa maji, akakaa humo. Alipofika hapo nilimkatiza. Nilikuwa nimeuona mfuko huo, si mara moja. Kwetu tulipochinja, ini likitoka na malengelenge ya maji, wazee walisema hili halifai, wakalikata wakamtupia mbwa. Chui alilidaka kabla halijagusa chini. Halafu alikuja kunilamba mikono, nami nilikwenda kula.

"Ndiyo," daktari akasema. "Habari umeimalizia mwenyewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye mbuzi."

Alicheka kidogo, akavua miwani. "Tegu hajui tofauti. Ameingia kwako akidhani amefika. Amejenga taratibu sana, tangu ukiwa mtoto, nawe hukujua. Ndani yake sasa amejaa watoto wake. Na wote wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Mbwa aje ale ini lako."

Nilipaswa kulia. Nimesimulia habari hii kwa watu wachache, na wote huniuliza nililia namna gani. Sikulia wakati ule. Kilichonijaa kilikuwa mshangao, mkubwa kuliko nilivyoweza kuuchukua, mpaka ngozi ikanisisimka. Subhanallah, nilisema, na nilimaanisha kila herufi. Kabla sijajua kufunga kanga, kabla ya Bakari, kabla ya shahada, kiumbe kisicho na macho kilikuwa kimeingia kwangu kwa kukosea njia, kikaketi gizani na kuanza kungoja. Nilipocheza, kilingoja. Nilipoolewa nilikwenda nacho, nikakivusha kutoka nyika hadi Bongwe, nikakiingiza chumba cha harusi. Na nilipofiwa, nikafungiwa ndani kumngojea mtoto ambaye hakuwapo, chenyewe kilikuwa ndani yangu kikimngojea mbwa ambaye hatakuja. Tulikaa eda pamoja, kila mmoja na ya kwake. Sijawahi kukichukia. Watu wanasema ni ugonjwa, na ni ugonjwa kweli, umeua wengi, na ungeniua mimi. Lakini nikikumbuka ule mtetemo uliojibu vidole vyangu siwezi kusema kwamba nilikuwa nazungumza na kitu cha bure. Mwenyezi Mungu amejaza uhai hata mahali ambapo hatungemwomba ajaze.

Daktari aliniambia pia kwamba siku ya kukandwa kilivuja tone tu, na kwamba kingepasuka chote ningekufa palepale mkekani. Kwa hiyo kutoa kulikuwa na hatari ile ile. Aliniuliza kama ninakubali. Nilimtazama Mwanamisi, naye akatazama ukuta, na nilijua kinachomzunguka kichwani ndicho kinachonizunguka mimi. Kikitoka hiki, hatakuwapo tena mwana wa Bakari. Mama atabaki na nini? Na mimi, mtu wa nyika, nisiye na mtoto, niliyebeba kitu cha mbwa ndani ya nyumba yao ya udhu na swala, nitarudi wapi? Nilikubali kwa sababu nilikuwa na njaa. Ni sababu ya kijinga, lakini ndiyo iliyokuwapo. Kwa miezi mingi nilikuwa nikishiba kwa matonge mawili, na harufu ya pilau kutoka nyumba za jirani na hospitali ilikuwa ikiingia dirishani, na nilitaka kuishi ili niile.

Baadaye nilielezwa walivyofanya. Walilizungushia ini langu vitambaa vilivyochovywa kwenye maji makali ya chumvi, ili tone likidondoka lisipate pa kuota. Walifyonza maji kwa sindano, wakatia dawa ya kuua, wakangoja, ndipo wakaukunja ule mfuko wakautoa mzima. Nilipoweza kuketi daktari aliniletea chupa mbili, kwa kuwa nilikuwa nimemwomba. Katika moja kulikuwa na utando mweupe, laini, unaong'aa, mzuri kama nyama ya dafu changa. Katika nyingine yalikuwamo maji. Nilitarajia usaha, nilitarajia uchafu. Yalikuwa maji safi kabisa, safi kuliko maji yoyote niliyopata kunywa Taru, na chini yake palikuwa na chenga nyeupe laini. Daktari aliitikisa chupa, zile chenga zikainuka zikaelea kwenye mwanga. "Kila chenga ni kichwa cha tegu," akasema. Nilizitazama mpaka zilipotulia tena. Mwanamisi alifunika uso kwa kanga, kisha akafunua jicho moja, kisha yote mawili, akasema, "Na tulivyokuwa tunamwamkia!" Tukacheka wote watatu, mimi nimeushika mshono.

Mwanamisi alitangulia kurudi Bongwe, kwa hiyo habari zilifika kabla yangu: hapakuwa na mtoto, na kilichotoka kilitokana na mbwa. Sikujua lipi kati ya hayo mawili litanifukuza kwanza. Nilifika alasiri. Hakuna aliyekuja kunipokea njiani. Nilizunguka nyuma ya nyumba, na nilimkuta Bi Mwanakombo uani, ameketi kwenye kigoda mbele ya sufuria la maji ya moto, kata mkononi, kipande cha sabuni kimewekwa juu ya jiwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda." Alinitazama juu na chini. "Maalim amesema eda yako ilikwisha zamani. Kama hapakuwa na mimba, ilikwisha pale miezi minne na siku kumi zilipotimia, ila sisi hatukujua. Umekaa bure mwaka mzima. Vua nguo hizo, nikuogeshe. Hukuogeshwa ya kutoka edani."

Nilisimama palepale. Nilitaka lisemwe kabisa, nisije nikaoshwa leo nikafukuzwa kesho. "Mama, umeambiwa kilitoka wapi?"

"Nimeambiwa."

"Ni cha mbwa, mama."

"Nimesikia, Salama, mimi si kiziwi. Nilimwuliza Maalim kama nikuogeshe mara saba na mara moja kwa udongo. Akaniambia, Bi Mwanakombo, mtu si sufuria." Akakoroga maji kwa kata. "Hebu njoo, yanapoa."

Alinifungua nywele. Alinimwagia maji kichwani, akasugua kwa vidole vyenye nguvu, akanisugua mgongo, mabega, akalalamika juu ya mifupa yangu na juu ya chakula cha hospitali. Nilikuwa nimesahau jinsi harufu ya sabuni inavyofurahisha. Alipofika kwenye tumbo mkono wake ulipunguza mwendo. Aliupitisha mbali na mshono, kwa uangalifu sana. Kisha akauliza bila kuniangalia:

"Hakuwapo kabisa? Hata mwanzoni, kabla hajaanguka?"

"Hakuwapo, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliiweka kata chini. "Basi Bakari amekufa," akasema.

Ndipo akalia. Katika nyumba ile ambayo kuta zake hazikuficha kitu, mwaka mzima sikuwahi kumsikia akilia, si mazikoni, si usiku, si siku ya kusoma hitima, na mimi nilikuwa nimedhani ni ushupavu. Aliteremka kutoka kwenye kigoda akaketi kwenye udongo uliolowa, akamwita mwanawe kwa jina alilokuwa akimwita akiwa mchanga, jina ambalo sikuwa nimelijua. Nilichuchumaa mbele yake na povu likiwa bado kichwani mwangu, nikamshika. Tuliketi pale uani mpaka maji yakapoa, nami ndipo nikaanza kumlilia mume wangu, pamoja na mama yake.